Mdudu wa Miguu Kumi na Minne

Mwaka 1968, nikiwa na miaka kumi na mitano, ng'ombe wa baba walikwisha wote kwa ugonjwa ndani ya msimu mmoja, na shule nikaiacha darasa la nne. Toka hapo hakuna mtu aliyenilisha. Nimebeba marobota ya pamba Shinyanga mjini, nimepasua kokoto Tinde, nimeshuka kwenye mashimo ya watu huko Masumbwe, mpaka nikaajiriwa kwenye mgodi wa dhahabu upande wa Segese ambao jina lake sitalitaja. Nilichonacho nimekitafuta kwa mikono hii. Lakini yuko mtu mmoja ambaye kila nikijisifu mbele ya wanangu huwa namruka. Leo simruki.

Tulimwita Fundi Saa. Jina lake nalijua, nalihifadhi. Kazaliwa wapi na babu yake alitoka nchi gani, hayo waulizwe ndugu zake wenye duka la vitambaa mjini. Walijaribu kumfanya mwenye duka wakashindwa, kwa sababu kila walipomweka kaunta alikuwa anafungua mizani atazame ndani kuna nini. Mimi nilimkuta mgodini, ana mvi tayari, mguu wa kushoto mfupi kuliko wa kulia, amevaa kandambili na shati la mifuko miwili. Mfuko mmoja bisibisi, mfuko wa pili saa ya mnyororo. Kisukuma alikisema kama sisi, na akishukuru alisema wabeja, hata kwa meneja. Akikasirika ndipo Kiswahili cha mjini kilipomtoka, kimenyooka kama rula.

Kazi yake ilikuwa kuangalia wakati wa mgodi. Nyuma ya ofisi ya meneja palikuwa na chumba kidogo, na ndani yake saa moja kubwa kwenye kabati la kioo. Hiyo tuliiita mama. Saa nyingine tano, yaani ya getini, ya karakana, ya bwalo la chakula na mbili za mahandaki, hazikuwa saa kamili. Zilikuwa sura na mishale tu. Kila nusu dakika mama alituma pigo la umeme kwenye waya, na kila mtoto akilipata anasogeza mshale hatua moja. Asipolipata anabaki palepale, na yeye mwenyewe hana habari kwamba amebaki.

Fundi Saa alikuwa na msemo wake juu ya hilo. Alisema saa iliyosimama haina hatari, kila mtu anaiona imekufa. Ya kuogopwa ni ile mbovu inayotembea.

Mimi nilikuwa mpiga baruti. Watu wanadhani kazi hiyo inataka moyo mgumu. Uongo. Inataka mwoga, na mimi nilikuwa mwoga hasa. Utaratibu ulikuwa hivi: baruti ya handaki la magharibi inapigwa saa nane kamili mchana. Wachimbaji waliomo ndani wakiona saa yao inasema nane kasorobo, wanaweka vyuma chini na kutoka. Kutoka ndani mpaka mdomoni ni mwendo wa dakika kumi. King'ora kilikuwa kimekufa, kinangoja kipuri, na miaka ile kungoja kipuri ilikuwa sawa na kungoja sukari. Vilikuwapo vibati vya shaba, kila mtu na namba yake, ukitoka unakitundika ubaoni. Lakini vijana walishazoeana. Mmoja anatoka mapema na vibati vya wenzake, anavitundika vyote, ili wao wakitoka wapitilize kwenye foleni ya ugali. Nilijua. Kila mtu alijua. Kwa hiyo kilichobaki kati ya wale watu na kaburi ni saa mbili tu: ya kwao kule ndani, na niliyoisoma mimi.

Na mimi sikuwa na saa ya kutegemea. Saa yangu ya mkononi ya mchuuzi leo ilikimbia, kesho ikalala. Ilinibidi kila mchana niende getini nisome, halafu nirudi nyuma ya kilima kwenye kibanda changu chenye kasha la kulipulia, nikihesabu kwa mdomo njia nzima. Mate yanakauka. Mtu akinisalimia njiani simjibu, maana nikimjibu hesabu inakatika. Nikifika nakaa mbele ya kasha, mkono juu ya mpini wake, najiuliza: nilihesabu mia moja na themanini, au niliruka kumi? Miaka minne niliishi hivyo. Usiku niliota nimeruka kumi.

Fundi Saa aliniona. Hakunicheka kama wengine. Alinitania tu, aliniita mwoga wa mshahara, na siku nyingine Baba Kulwa, kwa jina la mwanangu.

Alikuwa mtu wa ajabu zake. Asubuhi saa mbili, redio ya taifa ilipokaribia kupiga vile vipigo vya saa, alinyanyua kidole, na hakuna aliyeruhusiwa kusema, hata meneja. Meneja mmoja mgeni alisema neno, akaambiwa atoke nje ya ofisi yake mwenyewe, akatoka. Baada ya hapo Fundi alizunguka saa zote tano kwa mguu wake ule, analinganisha na ile ya mnyororo, anagonga kioo kwa ukucha na kuuliza, "Mzima?" Vijana walimkejeli kwamba mguu wake ndio mtoto anayechelewa. Akawajibu kwamba unachelewa, ila hauruki pigo.

Basi mtu huyo wa dakika, chakula hakuwahi kukiwahi. Mkewe alikuwa anampelekea chai na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa na kuchemshwa, akavikuta vya jana havijaguswa. Kwenye harusi ya mpwa wake alifika watu wanaosha masufuria. Na alikuwa na wivu na vyombo vyake. Ukigusa bisibisi yake anaifuta mbele yako kama umeipaka mavi. Lakini ukimwomba sukari anakumiminia yote iliyomo kwenye kopo na kusema hapendi chai tamu, jambo ambalo halikuwa kweli.

Sasa huyu mdudu. Zamani mama alikuwa anawapelekea watoto wote pigo yeye mwenyewe. Walipokuwa watatu aliweza. Walipofika watano akachoka, pigo likafika kule handakini limelegea, mshale unatetemeka bila kwenda. Fundi akaenda zake mjini, akarudi na kitu cheusi cha plastiki, ukubwa wa punje mbili za mahindi zilizolala pamoja, miguu saba huku na saba huku. Sisi tukakiita mdudu, na yeye akakubali jina. Nilimuuliza kinafanya nini. Akaniuliza mwanangwa, yule kiongozi wa kijiji, akitaka kuita watu kwenye kazi ya shule, anapiga kelele yeye mwenyewe nyumba kwa nyumba? Nikasema hapana, atafika nyumba ya sita sauti imekwisha, anamwambia mtu mmoja mwenye mapafu.

"Basi huyu ndiye mwenye mapafu," akasema. "Mama ananong'ona kwa mdudu, mdudu anawaambia watoto, kila mmoja kwa njia yake. Mtoto mmoja akiharibika hamsumbui mwenzake, na hakuna anayemnyonya mama. Mama, Baba Kulwa, anasema tu. Habebi."

Nilielewa kila neno. Ndiyo maana nasema ujinga wangu haukuwa wa kutoelewa.

Mdudu alikuwa na njia sita za kutokea. Tano za watoto, ya sita ilikuwa tupu, na mimi nikaiomba iwe ya kibanda changu. Fundi akakubali. Mvua za kwanza radi ikapiga nguzo, ile ya sita ikaungua. Akaniambia ningoje mdudu mwingine. Nikangoja mwezi, nikangoja wa pili. Kila nikimwona namuuliza, na yeye anasema bado. Ikafika mahali nikimwona kwa mbali anachechemea, napata hasira, kana kwamba yeye ndiye radi.

Alhamisi moja alfajiri akanijia kibandani, ameshika ufunguo wa chumba cha mama. Ufunguo huo hakuwahi kumpa mtu.

"Shika, Baba Kulwa. Naenda Tinde, mchana nimerudi. Meneja sijamwambia, atanizuia. Usimguse mama. Mwangalie tu, kama unavyomwangalia mgonjwa."

Nikasema sawa, Fundi. Sikumuuliza anafuata nini. Alipopanda lori la pamba, nilishaamua.

Karakana kulikuwa na sura ya saa ya zamani, nzima, imetupwa. Waya sikukosa. Mpiga baruti ana waya kuliko kitu kingine, ule wa fataki za kuwashia baruti, mwekundu na mweupe umesokotwa, ambao mgodi mzima hakuna mwingine anayepewa. Kutoka chumba cha mama hadi kibandani nikaulaza majanini. Halafu nikafungua lile kabati la kioo, na ncha za waya wangu nikazifunga kwenye misumari ya mama mwenyewe, pale pale mdudu anapopokelea. Sikutaka kupitia kwa mdudu aliyeungua mguu. Nilijiambia, ukitaka maji safi chota penye jicho la chemchemi.

Nikarudi mbio kibandani. Saa ukutani ikapiga tak, mshale ukasogea. Nusu dakika, tak. Nilifurahi, nasema kweli, kama mtu aliyerudishiwa ng'ombe. Kwa mara ya kwanza katika miaka minne sikuhesabu kwa mdomo.

Kumbe saa yangu ile kuukuu ilikuwa inamnyonya mama. Alipokuwa ananong'ona kwa mdudu, nusu ya sauti imeshaliwa na mimi. Mapigo mengine mdudu aliyasikia, mengine hakuyasikia, na asichokisikia hawezi kukipeleka. Mama alikuwa sahihi. Mimi nilikuwa sahihi. Watoto watano wakawa wanabaki nyuma wote pamoja, pigo hapa, pigo pale, na kwa kuwa walibaki sawasawa hakuna aliyeona. Aliyetoka karakana akaenda bwaloni alikuta wakati uleule. Mgodi mzima ulikubaliana kudanganyika.

Saa sita nikashindilia baruti. Wachimbaji watano walibaki kwenye tawi la handaki wakisafisha kifusi, mmoja wao shemeji yangu, mume wa dada yangu anayenifuata. Siku nyingine zote ningekwenda getini kusoma saa. Siku hiyo sikwenda, kwa nini niende, nina saa yangu? Nilipita tu ubaoni. Vibati vyote vimetundikwa.

Ilipobaki dakika tano mlango ukasukumwa. Fundi Saa, shati limelowa, kandambili moja imekatika ameishika mkononi. Hakusalimia. Alinisukuma kwa bega, akakaa juu ya kasha la kulipulia, miguu yake ikaning'inia kama ya mtoto.

"Shikamoo, Fundi. Ondoka hapo, muda umefika."

Alikuwa anaangalia ukutani.

"Hiyo imetoka wapi?"

"Kwa mama."

"Na mdudu?"

"Mdudu sikumgusa."

Akafumba macho. Akasema ameshuka lori getini, saa ya getini iko nyuma dakika kumi na mbili, na kwa mguu wake huu asingefika handakini, kwa hiyo amekuja hapa. Nikamwambia basi ya getini ni mbovu, yangu inatoka kwa mama mwenyewe. Nilimkamata shati. Alikuwa mwepesi, ningemtoa kwa mkono mmoja, na nikwambie, nilitaka. Hofu ikimkuta mwenye kiburi haitoki kama hofu, inatoka kama ngumi.

"Ninyanyue basi, una nguvu," akasema. "Ila kwanza niambie shemeji yako ametoka."

"Kibati chake kipo ubaoni."

"Nimekuuliza yeye. Sikukuuliza kibati."

Nikamwachia shati.

Tukakaa. Saa ikafika nane kamili, tak, ikapita. Nilikuwa namwomba Mungu mambo mawili yanayopingana: kwamba asitoke mtu yeyote, ili niwe sijakosea, na kwamba watoke. Hatua ya tano, ya kumi. Jasho la Fundi linadondoka kwenye kasha. Hatua ya kumi na nne nikasikia watu wanacheka kwenye njia ya bwaloni. Shemeji yangu akachungulia mlangoni, mkononi ana kipande cha muwa.

"Shemeji, mbona mmekaa kama mko msibani? Bado dakika tano, leo tumewahi."

Nilitoka nyuma ya kibanda nikatapika mpaka kikabaki kitu cha njano. Niliporudi, Fundi ameshaung'oa waya wa saa yangu, anauzungusha kwenye vidole, mwekundu na mweupe. Akautia mfukoni, akaniambia nikawahesabu watu kwa vichwa, si kwa vibati, halafu ndipo nipige.

Jioni meneja akatuita. Baruti imechelewa, saa zote ziko nyuma, na Fundi alionekana anashuka kwenye lori. Akamuuliza nani amemgusa mama.

"Hakuna," akasema Fundi, kwa kile Kiswahili chake kilichonyooka. "Ufunguo nilikwenda nao Tinde. Mama nilimwacha vibaya mimi mwenyewe."

Ufunguo ulikuwa ndani ya soksi yangu, mguu wa kulia. Nilisikia chuma chake kwenye mfupa. Meneja akanigeukia akaniuliza kama nina la kusema.

Nikasema hapana.

Jumamosi Fundi Saa aliondoka na mkewe na sanduku la vyombo. Mimi nilibaki miaka minne mingine, nikapandishwa cheo, nikaitwa mfano wa usalama kazini. Wakati huo ndipo nilipoanza kununua vitu. Kila saa nane mchana, popote nilipo, hata leo, naacha ninachofanya nahesabu walio karibu nami kwa vichwa. Mke wangu amezoea, hunipa maji.

Mwaka 1989 nilikwenda Shinyanga mjini kutafuta mkanda wa mashine ya kusaga. Nikamwona kwenye baraza la duka la ndugu zake, nyuma ya meza iliyojaa matumbo ya redio. Nilipita mara tatu kwa upande wa pili wa barabara, mwanamume mzima mwenye mashine ya kusaga, najifanya naangalia baiskeli. Mara ya nne nikavuka.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Baba Kulwa. Umenenepa."

Maneno niliyoyapanga miaka yote yakakimbia. Nikatoa ufunguo, nikauweka mezani. Akauangalia, akauliza kama kitasa kile walikibadilisha. Nikasema walikibadilisha wiki ileile. Akauliza basi huo wa nini, akaurudisha upande wangu kwa ncha ya bisibisi.

Nikamuuliza kwa nini alisema vile kwa meneja. Hakuinua macho kwenye redio aliyoifungua.

"Wangekupeleka polisi. Mimi nilikuwa na ndugu wenye duka. Wewe ulikuwa na nani?" Akachomea kidogo, moshi ukapanda. "Halafu ukifungwa, baruti wangempa yule msaidizi wako mlevi."

"Na ule waya, Fundi?"

"Nilimtengenezea redio mama mmoja wa Segese. Waya mzuri ule."

Kisha akavuta droo, akatafuta sana kati ya skrubu, akatoa karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara, imekunjwa ndogo. Akaifungua nusu. Miguu saba huku, saba huku.

"Huyu ndiye niliyemfuata Tinde. Mpwa wangu alipita naye kutoka Nairobi, alikuwa anasimama pale asubuhi moja tu. Ijumaa ningekufungia saa yako."

Alikunja tena karatasi, akaniwekea kiganjani, akafunga vidole vyangu kwa mkono wake kama unavyomfunga mtoto hela ya dukani. Akauliza shemeji yangu hajambo. Nikasema hajambo, ila hajui. Akasema nimwambie. Halafu akaja mteja na saa ya mezani, naye akamgeukia.

Sikumwambia. Shemeji sasa mzee, anaishi nyumba ya tatu kutoka kwangu, anapenda kusomewa na mjukuu wake jioni, na karatasi hizi ninazoandika zitaanzia kwake.

Leo ninazo nyumba mbili Segese, zote za matofali ya kuchoma. Mashine ya kusaga na ya kukoboa. Trekta moja. Ng'ombe thelathini na wanne. Shamba la mpunga na shamba la pamba. Saa tatu za ukutani, zote zinakwenda. Ufunguo mmoja usiofungua mlango wowote. Na mdudu wa miguu kumi na minne, mpya, ndani ya karatasi ya sigara, hajapitisha pigo hata moja.